Mada Ipi Inalipa? Hesabu ya Matangazo ya YouTube Ukiwa Kalemela

Kijana wa Kalemela, wilayani Busega, anayetaka kufungua chaneli ya YouTube hupewa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: tafuta kinachotazamwa. Weka vichekesho, weka ugomvi wa wasanii, weka ngoma. Ushauri huo umewapoteza wengi. Watazamaji wengi huleta jina, na jina lina faida zake, ila fedha za matangazo hazigawiwi kwa kuhesabu vichwa. Video mbili zinaweza kutazamwa mara laki moja kila moja, ndani ya mwezi uleule, na moja ikamlipa mwenyewe mara kadhaa ya nyingine. Kinachozitenganisha ni mada. Na mada, kwa maoni yangu, hupimwa kwa swali hili: anayeitazama anakaribia kutoa fedha kununua nini?

Nalifuata swali hilo kwa sababu mkoa wa Simiyu una mada nyingi zenye jibu zuri, na vijana wake wanazipita kila siku wakikimbilia zile zilizokwisha kujaa watu.

Kwanza, bei inapatikanaje? YouTube, ambayo ni mali ya Google tangu 2006, haina orodha ya bei za mada. Kila mtu anapofungua video, kompyuta huendesha mnada unaokwisha kabla picha haijatokea. Watangazaji waliosema wanamtaka mtu wa namna ile, mahali pale, kwa lugha ile, hushindana, na tangazo la mshindi ndilo linaloonekana. Mfugaji wa Simiyu hahitaji kufundishwa mnada. Wanunuzi wakubwa wa Mwanza na Dar es Salaam wasipofika siku hiyo, fahali yuleyule aliyenona huondoka kwa bei ya kutupa, na kosa si la fahali. Video nzuri ambayo watazamaji wake hawatakiwi na mtangazaji yeyote iko katika hali hiyohiyo.

Mtangazaji naye hutoa kulingana na anachotarajia kurudisha. Muuza soda anapata faida ndogo kwa chupa, hivyo hawezi kulipa sana ili tangazo lake lionekane. Benki inayotafuta mtu wa kufungua akaunti ya biashara, muuza trekta, kampuni ya umemejua, chuo kinachotafuta mwanafunzi wa kulipa ada miaka mitatu: hawa mteja mmoja anawarudishia gharama ya matangazo yaliyoonwa na maelfu. Ndiyo maana mada za fedha, biashara, ujenzi, teknolojia na elimu hulipa kuliko muziki na vichekesho karibu kila nchi.

Sasa hesabu yenyewe. Katika video za kawaida mwenye chaneli huchukua asilimia 55 ya fedha za matangazo, na YouTube asilimia 45. Video fupi, yaani Shorts, zina utaratibu wake tangu 1 Februari 2023: fedha za matangazo hukusanywa kwenye mfuko mmoja, zikagawiwa kwa kadiri kila video ilivyotazamwa, na mwenye video akabakiwa na asilimia 45 ya fungu lake. Ili uingie kwenye mgao unahitaji watu 1,000 waliojiunga na chaneli yako na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Upo mlango mdogo uliofunguliwa 2023, wa watu 500 na saa 3,000, lakini huo unaruhusu mambo kama michango ya mashabiki, siyo mgao wa matangazo. Malipo hutoka ukifikisha dola 100.

Tuchukulie, kwa mfano, kwamba video ikitazamwa mara 1,000, matangazo huonekana mara 400, kwa bei ya dola 2 kwa kila matangazo 1,000. Hiyo ni senti 80, na sehemu yako ni senti 44. Kufikisha dola 100 utahitaji kutazamwa karibu mara 227,000. Badilisha mada, watangazaji wapandishe hadi dola 6, na sehemu yako inakuwa dola 1 na senti 32. Hapo dola 100 zinafika ukitazamwa kama mara 76,000. Kwa mtu anayerekodi kwa simu na kupakia video kwa bando la kununua, tofauti hiyo ni miezi mingi ya kazi.

Mtandaoni zimejaa orodha za mada zinazolipa sana: bima, mikopo ya nyumba, mawakili wa ajali, kadi za benki. Zilitungwa kwa soko la Marekani, ambako kesi moja ya ajali humletea wakili maelfu ya dola na nyumba hununuliwa kwa mkopo wa miaka 30. Mtazamaji wa Nyashimo, hapahapa Busega, akisikiliza habari za mikopo hiyo hana mtangazaji anayemgombea. Na mtu ambaye hajawahi kudai bima ataongea nini kwa dakika kumi? Ataishia kusoma makala ya mwingine kwa sauti ya kompyuta, na hapo YouTube imekaza kamba: tangu 15 Julai 2025 sera yake imesema wazi kwamba video zinazozalishwa kwa wingi kwa kufuata umbo moja, bila mchango halisi wa mtengenezaji, hazistahili mgao.

Kwa hiyo tutafute mahali ambapo vitu vitatu vinakutana: jambo unaloliona kwa macho yako, mtu mwenye fedha anayelihitaji, na mfanyabiashara anayetaka kumfikia mtu huyo. Kwa Simiyu, la kwanza ninaloliona ni ujenzi.

Sehemu kubwa ya mkoa huu ina udongo mweusi wa mbuga, uleule unaopendwa na pamba. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyosimama juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka, mara nyingi kuanzia kona za madirisha na milango. Fikiria video ya dakika kumi na mbili. Fundi yuko kiwanjani wakati wa kiangazi, anaonyesha nyufa za ardhi ambazo kiganja kinazama. Anamwaga ndoo ya maji kwenye bonge la udongo, anasubiri, anarudi kuonyesha lilivyovimba na linavyong'ang'ania koleo. Anatembea hadi kwenye nyumba ya karibu yenye ufa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na kufuatilia ufa kwa kidole tangu dirishani hadi chini. Kisha anachimba, anaonyesha kina alichofikia mpaka kukuta udongo mgumu, anajaza moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka, anafunga nondo, na mwisho anataja gharama moja moja: moramu tripu ngapi, saruji mifuko mingapi, nondo za milimita ngapi, kwa bei ya duka la Lamadi au Bariadi wiki hiyo.

Nani atatazama? Mwalimu aliyehamishiwa Itilima na kununua kiwanja. Muuguzi wa Dar es Salaam anayemjengea mama yake. Na zaidi ya wote, Mtanzania aliyeko Muscat, Doha, Leicester au Minneapolis, ambaye anajenga nyumbani kwa kutuma fedha kwa ndugu na hana njia ya kujua kama msingi alioambiwa umekamilika umechimbwa vizuri. Huyu anatazama kwa Kiswahili, anatazama hadi mwisho, na mnada unamhesabu kwa mahali alipo. Akiwa Uingereza, wanaomgombea ni watangazaji wa Uingereza, kwa bei za huko. Nadhani hii ndiyo nafasi ambayo watengeneza video wa Kiswahili hawajaitumia ipasavyo: lugha yetu ina watazamaji wanaoishi katika masoko ghali, na wanayoyahitaji ni mambo ya nyumbani ambayo hakuna Mwingereza wala Mmarekani anayeweza kuwaonyesha.

Watazamaji wa nje ni kinga pia. Intaneti ilipofungwa Tanzania tangu siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 kwa siku kadhaa, chaneli inayotegemea watazamaji wa ndani pekee haikuwa na wa kumwonyesha tangazo. Yapo makato lakini. Tangu Juni 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, makato ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Asiyejaza fomu ya kodi anaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yote, hata yale ya watazamaji wa Bariadi. Fomu ijazwe siku ileile akaunti inapofunguliwa.

Kilimo kinahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wazo la kwanza la mtu wa Simiyu ni pamba, kwa sababu mkoa huu ndio unaoongoza kwa zao hilo nchini. Video ya namna ya kumtambua chawajani au funza wa vitumba itawasaidia wakulima kweli, na ningefurahi kuiona. Lakini kwa matangazo haina wagombeaji wengi. Mbegu na viuatilifu vya pamba huwafikia wakulima kupitia utaratibu wa Bodi ya Pamba na vyama vya msingi, AMCOS. Mkulima hachagui dukani kati ya mbegu ya kampuni hii na ile. Pasipo na uchaguzi hakuna sababu ya kutangaza. Nyanya, vitunguu, matikiti na kuku ni habari nyingine. Huko kampuni za mbegu, dawa, vyakula vya mifugo na mashine za kutotolea vifaranga zinapigania mteja yuleyule, na mkulima anaingia duka la pembejeo akiwa na fedha mkononi na swali kichwani.

Kalemela ina faida ya ziwa. Busega ndiyo wilaya ya Simiyu inayogusa Ziwa Victoria, na kiangazi cha kuanzia Juni, mashamba ya mbali na ziwa yakiwa makavu, bustani za pembeni mwa maji zinaweza kumwagiliwa. Swali la mkulima wa hapo ni la fedha tupu: aendelee na pampu ya petroli, au anunue ya umemejua? Video inayopima jambo hilo shambani, lita za petroli kwa wiki, urefu wa bomba kutoka majini, kimo cha mwinuko, saa ambazo jua linatosha, ingetazamwa na mtu wa Sengerema, wa Kisumu na wa Kigoma kwa mwaka mzima na ujao. Waliotangulia wapo. Shamba Shape Up, kipindi cha Kenya kilichoanza kurushwa 2012, kimeonyesha kwamba ukarabati wa shamba la mkulima mmoja unaweza kukusanya watazamaji wengi na makampuni ya kudhamini. Access Agriculture wamekusanya video za wakulima kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Pengo ni la mahali: wachache wanaongelea udongo, upepo na bei za upande huu wa ziwa, Ghuba ya Speke.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalipi uzito, yaani umri wa mada. Ugomvi wa wasanii hufa ndani ya siku tatu. Msingi kwenye udongo wa mbuga utatafutwa kwa jina hilohilo mwaka kesho na mwaka wa keshokutwa, na kila anayeutafuta huja akiwa tayari na nia ya kutumia fedha. Video ya kwanza inakuajiri, kila wiki lazima upate nyingine. Ya pili inaendelea kukulipa umelala.

Muziki naupenda, na nyimbo za Kisukuma zina umati wake YouTube, kuanzia Kahama hadi Magu na kwa Wasukuma waliotawanyika nchi nzima. Lakini msikilizaji wa muziki anaweza kuwa yeyote na hajasema anataka kununua nini. Tena mtangazaji huchagua lugha kwenye orodha ya Google, na Kisukuma hakimo. Muziki hulipa kwa wingi wa ajabu tu: Diamond Platnumz alifikisha kutazamwa mara bilioni 1 Juni 2020, wa kwanza miongoni mwa wasanii wa Afrika kusini mwa Sahara, na hata yeye hategemei matangazo hayo peke yake. Kwa mwimbaji wa Busega, video ni kadi ya mwaliko. Inamletea harusi, sherehe za mavuno, mashindano ya mbina, yaani ngoma. Aitengeneze kwa shabaha hiyo, aandikishe wimbo wake kwa jina lake kabla mwingine hajaudai, na asisubiri dola.

Mfano wa Kili Paul unafundisha jambo lilelile kwa njia nyingine. Kijana huyu wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, pamoja na dada yake Neema, waliigiza nyimbo za filamu za Kihindi wakiwa na mavazi yao ya kila siku, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja katika hotuba yake ya redio; ubalozi wa India ulikuwa umekwisha kumwalika Kili na kumtunuku. Walianzia TikTok, ambayo mpango wake wa kuwalipa watengeneza video haujafunguliwa Tanzania. Mamilioni ya watazamaji wa huko hayakumpa mgao wa matangazo. Kilichomfungukia ni mialiko ya India. Alichagua mada iliyokuwa na mwenyeji tajiri mbali na kijiji chake, na hilo ndilo la kuiga.

Zipo mada ambazo ningemshauri kijana azikwepe hata kama zinajaza watu. Januari 2024 mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi, ulifukia watu na kuua 22. Tukio la namna hiyo huvuta kila mwenye kamera, na kutazamwa huruka juu kwa siku mbili. Watangazaji hukimbia. Kanuni za YouTube huruhusu kuzuia au kupunguza matangazo kwenye video za ajali, maiti na majanga, kwa sababu hakuna benki inayotaka jina lake lisimame pembeni ya jeneza. Na hata kama wangelipa, familia zile hazikustahili kupigwa picha zikilia ili mtu afikishe saa 4,000.

Habari zina gharama nyingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada zilizofika jumla ya shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza, zaidi ya dola 900 wakati ule. Kwa anayepata dola 1 kila akitazamwa mara 1,000, hizo ni mara laki tisa na zaidi kabla hajala hata senti. Kanuni zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022, kwa hiyo anayefikiria kutangaza habari na matukio afike kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) aulize masharti ya sasa. Hadithi za watoto nazo, ambazo Usukuma una hazina yake, hulipa kidogo: tangu Januari 2020, baada ya Google kutozwa dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, video za watoto haziruhusiwi kubeba matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi. Azitengeneze anayezipenda, akijua hivyo.

Lipo kundi jingine linalonisumbua zaidi. Ni video za “maisha ya kijijini” zinazowalenga Wazungu: Wahadzabe wakila nyama porini, mama akipika juu ya mafiga matatu kana kwamba hajawahi kuona sufuria ya umeme. Zinatazamwa Marekani na Ulaya, kwa hiyo bei yake iko juu, na siwezi kusema hazilipi. Lakini nyingi zinamgeuza mtu kuwa kioja, na anayeonyeshwa mara nyingi hajui video yake imeingiza nini. Chakula chetu kinaweza kuonyeshwa kwa heshima. Video ya michembe na matobolwa, kuanzia kuchimba viazi, kukata vibichi vya michembe, kuchemsha vya matobolwa kabla ya kuvikata, kuanika juu ya mwamba, hadi bakuli lenye karanga, ingemvuta Msukuma wa ughaibuni na Mzungu mpenda mapishi kwa pamoja, mradi mama anayepika anaongea, anatajwa anavyotaka kutajwa, na analipwa.

Kuhusu urefu, tangu Julai 2020 video ya dakika 8 au zaidi inaweza kubeba matangazo katikati, siyo mwanzoni na mwishoni tu. Mada ya ujenzi au kilimo inafika dakika 8 bila kuvutwa. Kichekesho kikivutwa hufa.

Na msimu. Watangazaji humwaga bajeti zao miezi ya Oktoba hadi Desemba, kisha Januari bei huporomoka karibu kila mahali. Video inayohitaji wiki kadhaa ili ianze kuonekana kwenye utafutaji inafaa ipakiwe Agosti au Septemba, na kwa Kalemela hiyo ni katikati ya kiangazi: pampu zinanguruma pembeni ya ziwa, ardhi ya mbuga imepasuka tayari kwa kamera, na wakulima walioanza kuuza pamba tangu Mei wanaulizana bei ya bati. Kipindi hichohicho, wenye magari ya watalii wanapita Lamadi kuelekea geti la Ndabaka la Serengeti, mada ambayo kwa Kiingereza inagombewa na kampuni za safari na hoteli, na ambayo kwa Kiswahili, gharama za Mtanzania kuingia hifadhini na familia yake kwa siku moja, bado haijashughulikiwa vya kutosha.

Mwenye duka la pampu wa Lamadi pia asisahaulike. Watazamaji 3,000 wa Busega na Magu hawaleti hata dola chache kwa mnada wa Google, ila kwake ni wateja wote aliowahi kuwatamani. Kijana aliyerekodi pampu kwa uaminifu, akasema na ubovu wake, anaweza kumwendea na takwimu za chaneli yake zinazoonyesha watazamaji wako wilaya gani na walitazama dakika ngapi, akaomba malipo ya kutaja duka, na akasema wazi ndani ya video kwamba amelipwa. Mkataba mmoja wa hivyo kwa mwezi unaweza kuzidi mgao wa matangazo wa mwaka wa kwanza, na malipo ya matangazo ya namna hiyo kwa mtengeneza maudhui yana kodi ya zuio ya asilimia 5 tangu Sheria ya Fedha ya 2024. Aandike bei yake akiwa ameihesabu.